Cherehani Sebuleni kwa Mama Projestus

Siku mliponiaga pale ofisini, mmoja wenu aliniuliza, huku akinikatia keki, ipi ni njia bora kati ya kuuza sokoni, kuuza mlango kwa mlango, na kuuza kwa kukusanya watu nyumbani kwa mtu. Nilimwambia nitafikiri. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu kuliko keki. Sasa nimekaa hapa Bilele, mjini Bukoba, sina safari ya kesho, na magoti yangu yalikubali kustaafu kabla yangu. Basi nawaandikia.

Ninyi mnauza sabuni na vyombo vya plastiki. Mimi nilianza na cherehani. Niliajiriwa muda mfupi baada ya Uhuru, nikiwa msichana niliyefundishwa kushona na masista wa Kashozi. Kampuni yenyewe siitaji jina. Wakala wake mjini Bukoba alikuwa Bwana Kanji, mtu mwembamba, mpole, aliyevaa koti hata jua likiwaka. Wakati ule mafundi cherehani karibu wote walikuwa wanaume wa kwenye baraza za maduka, na kila fundi aliyehitaji cherehani alikuwa ameshanunua. Bwana Kanji akaona soko lililobaki ni la majumbani. Akatuma vijana wa kiume. Wakifika, mama anawajibu kutoka jikoni kwamba mwenye mji kaenda kilabuni, warudi kesho. Kesho yake jibu ni lile lile. Ndipo akatafuta wanawake.

Siku yangu ya kwanza nilitoka dukani na cherehani ya mkono kichwani, ndani ya sanduku lake la mbao lenye mfuniko wa duara. Nilikuwa nimezoea kubeba mikungu ya ndizi kutoka kwenye kibanja chetu cha migomba, kwa hiyo uzito haukunisumbua. Nilijisikia mtu mkubwa. Niliambiwa nikamkute Bi Zuhura, ambaye angenifundisha kazi. Bi Zuhura alikuwa Mwislamu wa mjini. Babu yake alifika Bukoba akitokea pwani kwa biashara, akaoa Mhaya, na hakurudi tena. Kiswahili cha Bi Zuhura kilitiririka. Changu kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Na hiyo unaipeleka wapi?"

"Kuuza."

"Iweke hapo nyuma ya mlango. Leo tunakwenda kusalimia."

Tulisalimia asubuhi nzima. Nyumba baada ya nyumba, tunakaa, tunaulizana habari za watoto, tunaondoka. Nilidhani tunaiba muda wa Bwana Kanji. Tuliporudi, Bi Zuhura alinieleza nyumba ipi mtoto ana kaptura iliyochanika, ipi ina harusi karibuni, na ipi mama anashona kwa mkono tena vizuri. Mimi sikuwa nimeona hata kimoja. Nilikuwa nimeona tu kwamba watu ni wakarimu.

"Mtu akikuona mlangoni na sanduku," alisema, "anaanza kutafuta maneno ya kukukatalia kabla hujasalimia. Mwache akuone mikono mitupu kwanza."

Kesho yake tulirudi na cherehani kwenye nyumba yenye kaptura. Bi Zuhura hakusema neno juu ya kununua. Aliweka uzi, akaingiza kaptura chini ya sindano, kisha akamwambia mwenye nyumba, "Zungusha wewe." Yule mama alizungusha. Mshono ukaenda kombo kama njia ya mbuzi, akacheka mwenyewe, akaomba ajaribu tena, na tena, mpaka kaptura ikaisha na akaanza kutafuta kwa macho kitu kingine cha kushona. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Vifaa vyangu vilikuwa mkasi, bisibisi ndogo, chupa ya mafuta ya cherehani na vipande vya kitambaa cha marekani vya kujaribia. Kingine ambacho Bi Zuhura alinisisitizia ni kujifunza kunyamaza mtu anapozungusha mpini.

Mlango kwa mlango ni shule nzuri, na kila mgeni wa kazi hii angepaswa kuanzia huko. Lakini ilifaa zaidi mjini. Ukitoka nje ya mji, nyumba zimejificha kila moja katikati ya migomba yake, na ukifika umechoka, umevuja jasho, na mbwa ameshatangaza habari zako vibaya.

Kwa hiyo vijijini Bwana Kanji alitumia njia ya soko. Msimu wa kahawa alikodi pikapu, akafunga kipaza sauti juu yake, akampakia muuzaji aliyeitwa Deusi. Deusi alikuwa na kipaji, sitamnyima sifa. Alisimamisha gari penye watu, akashona shati zima juu ya bodi la pikapu huku akizungumza bila kupumua, akalivaa shati hilo na kuuliza nani anataka. Wanaume walikuwa wametoka kuuza kahawa. Mifuko imejaa, mioyo imechangamka, na rafiki wanatazamana. Mmoja akinunua, wa pili hataki kuonekana mnyonge. Gari lilirudi Bukoba tupu.

Mimi nilitumwa miezi ya baadaye kuwafundisha walionunua. Namkumbuka mzee mmoja karibu na Muleba. Alinipokea kwa heshima zote, akanikalisha sebuleni. Cherehani ilikuwa pale, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa maua, na juu ya kitambaa kuna redio.

"Inafanya kazi vizuri?" nilimuuliza.

"Vizuri sana, waitu," alijibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Haijawahi kuharibika."

"Nani anaishonea?"

"Hakuna. Mke wangu haijui. Lakini wageni wakija wanaiona."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, akiitazama cherehani kama mgeni aliyekuja kukaa siku mbili akahamia kabisa. Niliomba ruhusa ya kuishusha ile redio. Nilikaa pale siku hiyo na ya pili yake, na nilipoondoka yule mama alikuwa anashona mapazia. Nyumba kama hiyo hazikuwa chache. Soko linauza kwa mtu aliyeshika pesa, na mtu huyo mara nyingi si yule atakayekitumia kitu.

Ndipo yakaja maelekezo kutoka makao makuu juu ya njia mpya. Bwana Kanji alituita akatueleza: mama mmoja anawakaribisha jirani zake nyumbani, muuzaji anakuja kuonyesha bidhaa, wanakunywa chai, wanaagiza, na mwenye nyumba anapewa zawadi. Bi Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yaani wanawake wakae, wanywe chai, mmoja awaonyeshe kitu?"

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Na hilo limehitaji kutoka ng'ambo?"

Bwana Kanji alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Tukaanza hivyo. Bi Zuhura alikuwa na masharti yake, ambayo hayakuwamo kwenye maelekezo. Usifungue sanduku kabla chai haijanywewa. Cherehani ikae dirishani penye mwanga. Mwenye maneno mengi azungushe kwanza, maana atawasimulia wengine. Mkimya azungushe mwisho, wenzake wakiwa wameshachoka kutazama. Na mwenye nyumba asiagize mbele ya jirani zake, aagize baadaye, faragha. "Akiagiza mbele yao," alisema, "wengine wataagiza kwa kumwonea aibu. Wakifika nyumbani watakuchukia wewe, si yeye."

Sasa niwaambie habari za kijiji cha Buganguzi, kwa sababu ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na ndiko nilikoielewa kazi.

Mama Projestus wa huko alinifuata baada ya misa, siku moja nilipokuwa Muleba. Alikuwa mama kijana, mwenye mikono ya haraka. Mumewe alikuwa amekubali kununua cherehani kahawa ikiuzwa, kwa sharti kwamba mashati yake yashonwe kwanza. Alitaka na jirani zake waione. Tukapatana Jumapili.

Nilishuka kwenye basi nikiwa mwekundu kwa vumbi. Nyumba yake ilikuwa imefagiliwa, nyasi laini zimetandazwa sakafuni, na wanawake wameshakaa kwenye mikeka. Walinipa kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye jani la mgomba, wakanipa na juisi tamu ya ndizi, omuramba. Nilifuata masharti yote ya Bi Zuhura. Cherehani ikazunguka mkono kwa mkono, vicheko, utani, mmoja akashona mkono wa gauni ukafungika kabisa, mtu asiweze kupitisha hata kidole. Nilianza kuhesabu kichwani nani atachukua.

Mwisho ilimfikia Bibi Tereza, mkubwa kuliko wote pale. Hakuzungusha mpini. Alichukua kitambaa, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, mpaka mwisho wake.

"Inashona vizuri," alisema. "Na Laurian je?"

Mimi sikumjua Laurian. Lakini niliona mama aliyekuwa karibu na mpini akiondoa mkono wake kama mpini umepata moto.

"Laurian ni nani?" niliuliza.

Walinieleza kwa zamu. Laurian alikuwa fundi wa Buganguzi, aliyeketi kwenye baraza la duka pale njia panda. Mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni, hakuweza kulima wala kuvua, baba yake akamnunulia cherehani ya mkono. Alikuwa amewashonea wote.

"Alimshonea binti yangu gauni la komunyo," alisema mmoja.

"Mume wangu alipokufa, Laurian alishona suruali ya kumzikia, akakataa malipo," alisema mwingine.

Mama Projestus alikuwa anatazama nyasi za sakafuni. Hakuna aliyenikasirikia. Walinishukuru, wakanifungia ndizi mbivu za njiani, na mmoja akanisaidia kurudisha cherehani sandukuni. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutoka kwenye kikao bila mtu hata mmoja kusema atafikiria.

Basi la kurudi lilisimama pale njia panda, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kumkwepa Laurian. Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, fimbo imeegemezwa ukutani. Aliniona na sanduku.

"Karibu dada. Weka mzigo, basi bado." Kisha akasema, "Ni ile mpya? Naomba niione."

Nilifungua. Alizungusha mpini polepole, sikio lake limekaribia chuma.

"Haina kelele," alisema. Yake ilikuwa ya zamani sana, kile kichuma kinachobeba uzi wa chini kimelika, na mshono uliruka mahali. "Watu hawasemi, lakini wanaona. Umeacha ngapi kule?"

"Hata moja."

Nilitegemea atafurahi. Alifunga mfuniko, akabaki ameuwekea mkono.

"Ni Bibi Tereza," alisema. "Anadhani mtu akinunua cherehani hapa, mimi nitakufa njaa."

"Kazi yako haitapungua?"

"Itapungua. Sikudanganyi." Alitazama barabara kidogo. "Lakini wiki ya Pasaka nakataa watu mpaka naona aibu kukaa hapa nje. Shule imefunguliwa kule juu, watoto wanatakiwa sare, wazazi wananisubiri mimi peke yangu. Na wananisubiri, dada, hata mshono ukiruka. Nikiwa fundi pekee hapa, nataka iwe kwa sababu najua kushona. Sitaki iwe kwa sababu ya huu mguu."

Basi lilipotokea mlimani aliniambia, "Jumapili ijayo rudi, nitawaambia wakae tena. Nitakuja."

Bi Zuhura hakupenda habari hiyo. "Mwanamume katika kikao cha wanawake? Watafunga midomo wote." Alifikiri akimenya kitunguu. "Nakuja na mimi."

Alikuja. Alishuka Buganguzi na buibui lililogeuka rangi ya udongo, akasimama kando ya njia akijikung'uta kwa utulivu kama yuko uani kwake. Wanawake walimpenda kabla hajaketi. Laurian alifika baadaye, na kweli midomo ilifungwa. Mkekani hakuweza kukaa kwa sababu ya mguu, na kiti alichopewa alikikataa, akakaa juu ya sanduku la cherehani karibu na mlango. Alivaa koti. Nilijua amelishona mwenyewe.

"Nimesikia mlinitetea," alianza. "Nawashukuru. Lakini mnanitunza kama mgonjwa, na mimi si mgonjwa. Kazi iliyopo hapa ni kubwa kuliko mikono yangu. Nunueni. Nitawafundisha."

Bibi Tereza ndiye aliyejibu. "Wakishona wote, mwana wange, wewe utakula nini?"

"Kushona watajua kwa muda mfupi. Kukata kitambaa watachukua mwaka. Watakuja kwangu kukatiwa."

Wanawake wakacheka, chumba kikalegea. Bibi Tereza hakucheka.

"Na wakijua kukata?"

Mimi nilikuwa karibu na Laurian, nikaona jinsi mkono wake ulivyobana fimbo. Sidhani kama swali hilo alikuwa hajajiuliza. Nadhani hakuwa amewahi kulisikia likisemwa na mtu mwingine.

"Wakijua," alisema, "nitakuwa nimewafundisha mimi."

Bibi Tereza alimtazama kwa muda, akaitikia, "Ego." Ndiyo. Kisha akasogea kumpa nafasi. Laurian alitoa chaki mfukoni, akaomba kitambaa kitandazwe mkekani, akateremka kutoka kwenye lile sanduku kwa shida, akikataa kusaidiwa, na mbele ya wote akakata gauni la msichana wa darasa la kwanza, akieleza kila mstari. Hakukuwa na haja ya mimi kuuza chochote.

Msimu huo wa kahawa Mama Projestus alinunua, na jirani yake mmoja. Wengine walichanga wakanunua moja ya pamoja, ikawekwa kwa Bibi Tereza, kwa sababu hakuna aliyethubutu kugombana nyumbani kwake.

Siku ile ya kikao, tukirudi kwa basi, nilimwambia Bi Zuhura kwamba kikao cha nyumbani kilikuwa kimekaribia kutushinda.

"Sokoni ungeuza siku ile ile ya kwanza," alisema, macho amefumba kwa ajili ya vumbi. "Kila mmoja angebeba yake kimya kimya, na yule bwana angekosa kazi bila kujua ni nani kamnyima. Humo ndani walilazimika kumtaja jina."

Sitawadanganya kwamba mambo yalikwenda sawa tangu hapo. Nguo za watoto na magauni zilimtoka Laurian msimu baada ya msimu. Alibaki na suruali na makoti ya wanaume. Mara moja nilimkuta ameketi bila kazi, mchana kweupe, mwezi ambao zamani angekuwa anakataa watu. "Nilisema watachukua mwaka kujua kukata," aliniambia. "Mama Projestus hakuumaliza." Hakusema kwa uchungu, lakini hakuwa anatania. Nilimpelekea kichuma kipya cha cherehani yake, ambacho Bwana Kanji alikitoa mwenyewe kwenye droo bila kuulizwa mara mbili. Mshono ukaacha kuruka. Zaidi ya hapo sikuwa na la kufanya.

Kisha likaja Azimio la Arusha. Biashara kubwa zikawa za umma, uwakala wetu ukafungwa. Bwana Kanji hakulalamika mbele yetu. Siku ya mwisho alimpa mkono kila mmoja wetu, na alipofika kwangu aliniomba niwe nampa chakula paka wa stoo. Nilimpa chakula yule paka mpaka alipokufa. Bi Zuhura aliambiwa anaweza kuendelea kwenye kampuni mpya ya biashara ya mkoa, akasema yeye anajua kuuza, kugawa hajui, akarudi Bilele kukaanga sambusa. Mimi niliendelea.

Alikuwa sahihi juu ya kugawa. Miaka ya mwanzo bidhaa zilikuwapo, na nilijivunia kazi, kwa sababu tulifikisha vitu vijijini ambako maduka ya zamani hayakufika. Baadaye uhaba ukaingia. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa tena. Ukishuka na katoni ya chochote, foleni imeshajipanga kabla hujasema ni kitu gani. Nilikutana na wauzaji vijana ambao hawajawahi kumbembeleza mteja maishani mwao, na walidhani huo ndio uuzaji. Mimi mgao ukija kidogo, nilirudi kwenye mikeka. Nilimwomba mama mmoja akaribishe wenzake, nikaweka vitu katikati, nikawaachia waseme nani anahitaji zaidi. Kelele zilikuwapo. Lakini sikuwahi kuona wanawake waliokaa pamoja wakimpa mwenye nguvu wakamwacha mwenye mtoto mchanga. Foleni niliiona ikifanya hivyo kila wiki.

Kwa hiyo jibu la swali la keki ni hili. Ukitaka kumaliza mzigo, nenda sokoni. Ukitaka kujifunza kazi, gonga milango. Ukikusanya watu nyumbani kwa mtu, jua kwamba pamoja na bidhaa umeleta na jirani zake wote, waliopo na wasiokuwapo, na mojawapo ya siku hizo utaulizwa juu ya mtu usiyemjua. Siku hiyo usiharakishe kujibu. Mimi ningechagua njia hiyo tena, lakini simlaumu anayependa kipaza sauti. Hicho hakichoshi sana.

Nimalizie na Buganguzi, maana mara ya mwisho kwenda huko kikazi si zamani sana.

Mume wa Mama Projestus alipofariki, yeye alihamishia cherehani yake kwenye baraza la nyumba iliyokuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na baraza la Laurian. Watu walisema wataharibiana. Kwa miaka wakashona wakitazamana, yeye sare na magauni, Laurian kaunda suti za wakubwa wa kata, na vitambaa vilipoadimika, makoti ya zamani yaliyogeuzwa nje ndani. Halafu zikaadimika hata sindano za cherehani. Nilipofika mwaka ule wa shida, nilimkuta Laurian anashona na Mama Projestus amekaa pembeni yake kwenye kigoda, akichambua maharage.

"Leo hakuna kazi?" nilimuuliza Mama Projestus.

"Ipo. Sindano ni moja," alisema. "Mimi asubuhi, yeye alasiri. Yeye kuvuka barabara ni taabu, kwa hiyo naileta mimi. Nikija nayo nakuja na chai."

Sote tulijua kwamba wilaya nzima ilikuwa na pakiti chache tu. Nilifanya mpango, na safari iliyofuata niliwaletea sindano mpya, kila mmoja ya kwake. Walishukuru sana. Nilirudi Bukoba nikijiona nimefanya jambo.

Nilipopita tena, kila mmoja alikuwa upande wake. Laurian anashona huku, Mama Projestus anashona kule, wakipungiana mikono gari likipita. Niliuliza habari. "Nzuri," alisema Laurian. "Siku hizi kila mtu na kazi yake." Birika halikuwapo.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa alasiri. Mama Projestus alikuwa kwenye kigoda kile kile, ungo wa maharage mapajani, birika chini kati yao. Ng'ambo ya barabara cherehani yake ilikuwa imefunikwa.

"Kulikoni tena?" niliuliza.

"Sindano yangu ilivunjika," alisema Laurian bila kuinua kichwa kutoka kwenye suruali. "Tumerudi kwenye zamu."

"Ilivunjika," alisema Mama Projestus, naye hakuinua kichwa kutoka kwenye maharage.

Jua la alasiri lilikuwa linaingia barazani kutoka upande. Chini ya kola ya shati la Laurian, mahali ambapo mafundi huchomeka, niliona sindano ya cherehani inang'aa, nzima kabisa, na kipande cha uzi mweupe bado kimo tunduni. Mkobani mwangu nilikuwa na sindano moja ya akiba. Niliiacha humo humo, nikavuta kigoda, nikaomba na mimi chai.